Majina Hayalingani

Ujumbe wa duka la programu za simu ulikuwa wa mistari miwili: jina la mwenye biashara kwenye akaunti yenu halilingani na jina lililo kwenye namba ya utambulisho wa biashara. Sahihisheni, la sivyo programu yenu itaondolewa.

Mjane aliusoma kwa sauti amesimama, kikombe mkononi. Hakuwa amegusa kitu kwenye akaunti tangu mazishi. Akaunti ilikuwa na jina la marehemu mumewe, na namba ilikuwa na jina hilohilo, maana ndiye aliyeiomba. "Majina yaliyokaa pamoja miaka yote yataachanaje yenyewe?" aliuliza.

"Yenyewe!" alisema wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa kwenye kochi akikunja nguo za mtoto. "Wifi, jina halina miguu. Kuna mtu kamtoa kaka yangu kwenye biashara yake. Na kaburi hata halijakauka."

"Mimi sijamtoa."

"Mimi nimekutaja?"

Programu yenyewe haikuwa na makuu. Mafundi cherehani waliitumia kuhifadhi vipimo vya wateja kwenye simu: kiuno, bega, mkono, hata vya wale wanaonenepa kila mwezi halafu wanamlaumu fundi. Mke ndiye aliyeiunda, mume akaitafutia watu kwa maneno matamu. Walipotaka kuiweka dukani kwa jina la kampuni, duka likadai namba. Mtu binafsi hadaiwi. Anayejiita kampuni ndiye lazima awe nayo, ili ijulikane kwamba nyuma ya jina lile kuna biashara ya kweli na mtu wa kuulizwa, si tapeli aliyejifungia chumbani. Ofisi ya namba hupiga simu, huuliza, huhakikisha, ndipo hutoa. Kazi hiyo ya karatasi mbili tatu mume aliiahirisha mpaka mkewe akampachika jina la Bwana Kesho.

Hata tangi la maji la juu ya paa lilikuwa la kesho. Lilivuja, likavuja, mke akamsema asubuhi, akamsema jioni. Mpaka ile Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Bwana Kesho alipoinuka mezani akasema, "Leo napanda." Hakushuka kwa ngazi.

Tangu hapo, bati likilia alasiri, mjane huinua macho. Anajua ni bati tu, linapoa jua likipungua. Huinua macho vilevile, na kungoja miguu itembee. Msibani wifi alilisema mbele za watu: "Angeitwa fundi bomba, kaka yangu angekuwa hai." Mjane mwenyewe alikuwa akijiambia hayohayo kila anapofumba macho. Ulimi wake ndio uliompandisha mume paani. Aliamini hivyo kama anavyoamini jina lake.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba wiki ile mumewe alikuwa amerudi kuwa mtu. Baada ya miezi ya kukosa usingizi, ya ukimya na sahani zisizoguswa, ghafla uso ulikunjuka. Alimbeba mtoto mabegani nyumba nzima. Alimkalisha mkewe akamwonyesha nywila zote na jinsi ya kuzungumza na kila mteja mkubwa, yeye ambaye hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Mke alishukuru moyoni. Dhiki imepita, alisema, tumepona.

"Wapigie ofisi ya namba," wifi alisema. "Sasa hivi. Na uweke sauti ya nje, tusikie wote."

Simu hii alikuwa akiikwepa. Wangemuuliza mwenye biashara yuko wapi, na ingembidi kutamka kwa kinywa chake kwamba amekufa, halafu amekufaje. Alipiga.

Ilipokelewa na sauti ya kike, changamfu. "Nazungumza na nani?"

"Mke wa mwenye biashara."

Akataja jina la kampuni na anwani. Kibodi ikasikika kidogo.

"Aa, nimeiona. Kwetu hakuna kosa, dada. Namba ina jina lako, mwenye biashara ni wewe. Ni akaunti yenu ya dukani ndiyo bado ina jina la zamani. Badilisheni huko, yaishe."

Wifi alitupa chini nguo aliyokuwa ameishika. "Si nilisema!"

"Jina langu?" mjane aliuliza. "Nani aliliweka?"

"Si mumeo! Nilimhudumia mimi mwenyewe, siwezi kumsahau kwa alivyonisumbua." Yule mwanamke alicheka. "Jumatatu kaleta karatasi zote, hazina dosari. Jumanne kapiga simu mara tatu. Ananiuliza, mwenye namba asipokuwepo, programu itaondolewa? Nikamwambia inaweza kuondolewa, mpaka tuhakikishe upya. Akasema, basi mwandike mke wangu, na iishe kabla ya Alhamisi. Ile Alhamisi ya mwisho wa mwezi."

Wifi yake aliinama, akaiokota ile nguo ya mtoto.

"Nikamwambia, kaka, haraka ya nini? Si ubaki hata kama mkurugenzi wa pili? Akasema haiwezekani, Alhamisi anasafiri, anakwenda mbali na hatarudi." Sauti ilishuka, ikawa ya upole. "Alivyokuwa na wasiwasi juu yenu, nilimuombea sana. Vipi dada, alifika salama?"