Programu Isiyo na Makosa

Bi Ndimbo, mwenye kampuni, aliisoma programu ya Zamda kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Waombaji wengine wa kazi walisubiri nje, na vicheko vyao vilipenya mlangoni.

"Inafanya kazi vizuri," alisema hatimaye. "Ila sioni ulipokosea."

"Nilifuta, mama. Kabla ya kuituma nilifuta matoleo yote ya nyuma, nikabakiza hili zuri tu."

"Aliyeiba naye huwa na zuri tu, binti yangu. Mimi huajiri kwa kuangalia mtu alivyokwama na alivyojinasua."

Programu ilikuwa kazi ya Zamda kweli, na aliyeisafisha mpaka ikafanana na ya wizi ni yeye mwenyewe.

Akafungua mkoba, akatoa kompyuta yake kuukuu aliyokuwa aipeleke kwa fundi baada ya usaili. Ililoa mvua juzi, na tangu hapo haikuwaka. Ndiyo aliyoanzia kuandika programu, na matoleo yenye makosa yake yote yalikuwa bado humo. Akaichomeka ukutani, akabonyeza kitufe.

Bi Ndimbo alisogeza kiti karibu.

Kioo kilibaki cheusi. Halafu ndani kabisa, feni ikaanza kuguna.