Miti ya Sponji

"Miti ni ya kupatia idhini tu, madam. Wakishakubali, tunaikata yote, tunamwaga zege," tajiri aliyetaka kujenga fleti alimnong'oneza Nasambu, mchoraji wake wa ramani, mbele ya ukumbi uliofurika wenyeji wa Kaloleni.

Ofisi ndogo ya Nasambu ilisifika kwa kuchora nyumba zisizogusa mti. Miti ya sponji, iliyowakilisha miti ya mtaa ambayo ingeachwa, aliibandika mwenyewe kwenye mfano wa kadibodi wa fleti hizo, uliokuwa mezani mbele yao.

"Tuonyeshe basi!" mama mmoja alifoka. "Au mmetuletea ahadi kama za enzi za nyanya zetu?"

Nasambu aling'oa mti wa kwanza. Gundi ilichuna kadibodi, ikaacha kidonda cheupe. Aling'oa wa pili, wa tatu, mpaka fleti zikabaki uchi.

"Wee, unaharibu kazi yako!" tajiri alimaka.

"Ilikuwa yangu." Akawageukia watu. "Akina mama, wazee, hiki ndicho kitakachojengwa. Mnaokitaka, inueni mikono."