Kola ya Koti

Epiphanie alisita, koti la marehemu mumewe likining'inia juu ya beseni. Likifuliwa, litamfunika mtoto baridi hii ya Juni. Likifuliwa pia, harufu ya mumewe iliyobaki kwenye kola itapotea.

"Mama," alimuuliza bosi wake aliyekuwa karibu, "si ulisema mwili ni maada tu? Mbona kila asubuhi unainamia jino la mtawa wenu aliyekufa?"

Bosi huyo, Mhindi wa dini ya Jaini aliyekulia Mombasa, alicheka. "Hata kutafuna halitafuni, binti, litanipa nini? Linanikumbusha alivyoachilia vyote. Karma, mzigo wa matendo yetu, ni vumbi, humganda anayeng'ang'ania."

"Eish, Mama. Na kama vumbi lenyewe ndilo lililonibakia?"

Mgongoni, mtoto alikohoa.

Epiphanie aliinusa kola, akajaza kifua, akaizamisha.