Boti Ndogo

Ilikuwa safari yao ya kwanza ya meli, na siku hiyo abiria walishuka kuchagua boti za kwenda kuwaona nyangumi. Kwenye kaunta, Hamdani aliokota jaketi la kuokolea la mtoto, akalipima juu ya tumbo la mkewe, Tunu.

“Linamtosha kabisa!”

Dada wa kaunta akacheka. “Kwenye boti kubwa mnawatazama nyangumi kwa mbali. Ndogo inasogea mpaka mnamsikia nyangumi akipumua. Ila inarukaruka sana, mjamzito hapandi.”

“Basi sisi kubwa, dada. Si unaona tuko watatu?”

Tunu hakucheka. Alfajiri, mumewe akiwa bado amelala, alikuwa amefua kanga yake mara tatu kwenye sinki ya chumba chao, na maji yakazidi kutoka mekundu. Tangu hapo alikuwa akitafuta maneno, asiyapate.

“Ndogo,” alisema.

“Mama Kijacho, hukumsikia dada?”

“Nimemsikia, Hamdani.”

Miezi mitatu hakuwa amemwita kwa jina. Alikuwa Baba Kijacho tu, hata wakigombana. Tabasamu la Hamdani lilibaki usoni kidogo, kama mgeni aliyesahau kuaga, kisha likaondoka. Alilitazama lile jaketi mkononi, hajui alirudishe wapi. Tunu akashika mkanda mmoja wa jaketi hilo.

Huko nje watu walipiga kelele, nyangumi ameibuka. Wao walibaki wamelishika, huyu huku, huyu huku.