Maziwa ya Mnyaa

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tano, mwaka 1916, saa moja asubuhi. Upepo mkavu wa mashariki ulikuwa ukivuma juu ya Dodoma, na vumbi jekundu lilikwisha kuingia katika maji ya kunawa ya Bwana Kolbe. Ruthu aliyamwaga, akajaza beseni upya, kisha akamfuata bwana wake bustanini.

Bwana Kolbe, mkuu wa boma, alikuwa amechutama mbele ya vyungu vyake. Alipenda mimea minene isiyodai maji. Alikwaruza shina moja kwa kisu, tone jeupe likachuruzika.

"Umeona? Dungusi hutoa maji. Huu umetoa maziwa. Huu ni ndugu wa mnyaa."

"Kwetu mnyaa ni ua wa zizi tu, Bwana."

"Ni kwa sababu hamna macho."

Alicheka peke yake. Mwaka uliopita tone kama hilo lilimrukia, na jicho lake la kushoto likavimba na kufumba juma zima. Kisha likafunguka, zima kabisa. Ruthu ndiye aliyekuwa akilikanda.

Bwana Kolbe akakata tawi la mnyaa, akampa Ruthu. "Nataka safu nzima njiani. Usilipande leo. Liache kivulini kidonda kikauke, ndipo ulitie mchangani. Likipandwa bichi huoza."

Kando ya ukuta, askari Bashiri alikuwa akisokota kamba ndefu yenye vitanzi. Ilikuwa ya wapagazi watakaokwenda vitani Alhamisi. Matonya, mtoto wa pekee wa Ruthu, alikuwa mmoja wao. Baba yake alitangulia mwaka jana. Mzigo wake ulifika, yeye hakufika.

"Bwana, niachie huyu mmoja," Ruthu alisema. "Sina mwingine."

"Kila mama ananiambia hivyo. Nikimwacha mmoja, na wengine hutoroka siku za mwanzo, wakiwa bado wanaviona vilima vya kwao, nani atabeba risasi?"

Bashiri aliivuta kamba, akaipima nguvu kwa goti.

"Mwaka jana tulimwacha Filipo kwa kuwa ni kipofu, mama. Huyu wako, akisimama hapa, anaona mpaka Kilimatinde!"

Ruthu aliliingiza tawi ndani ya kaniki yake.

Alhamisi asubuhi alijaza beseni kama kawaida. Ndani ya nyumba Bwana Kolbe alikuwa akipiga mluzi. Ruthu aliyainamia yale maji ya kunawa kwa muda mrefu, mkono mmoja ndani ya kaniki. Kisha akaondoka, mkono ukiwa bado ndani.

Nyumbani, Matonya alikuwa amelala chali juu ya ngozi ya ng'ombe, kama walivyokubaliana.

"Yanachoma, mama?"

"Yanachoma. Ni juma moja tu, mwanangu. Usifumbe."

Akalivunja lile tawi.

Saa tatu alimfikisha bomani akimwongoza kwa mkono. Macho ya kijana yalikuwa yamevimba, machozi yakimtiririka. Wapagazi waliokwisha kupanga mstari waligeuka kumtazama. Bashiri alikitazama kitanzi alichomwandalia, akakiacha kining'inie.

"Ameamka hivi, Bwana," Ruthu alisema. "Haoni kitu."

Bwana Kolbe alikishika kidevu cha Matonya, akazifunua kope zake kwa kidole gumba, polepole, kama aligusavyo chipukizi. Shavuni palikuwa na tone jeupe lililokauka. Alilikwaruza kwa ukucha, akalitazama kwa karibu. Akatabasamu.

"Juma moja," alimwambia Bashiri. "Hawa wote watakapofumbua macho, hawataviona vilima vya kwao."

Alipoamriwa kubeba, Matonya alipapasa chini mpaka akaupata mzigo wake. Bashiri alimvisha kitanzi, akawaamuru wapagazi wengine wote walale chali. Bwana Kolbe alichukua kisu, akaelekea bustanini. Ruthu aliitwa amfuate, kwa kuwa mkono wake ulikwisha kuzoea.