Tumbo la Mzee Lazaro

Fimbo ya kwanza ilimpata Aneth begani kabla hajageuka. Ya pili ilivunja mkono aliouinua kujikinga. Mpira wa kupitishia maji aliokuwa ameushika ukaanguka, maji ya sabuni yakamwagika sakafuni.

"Mkwe! Na uchi wa baba!" Fabiano alifoka. "Mimi namhudumia, wewe unammaliza!"

Alikuwa ametoka Shelui mbio, anakouza vipuri vya malori. Jirani alimpigia simu kwamba mzee Lazaro anapiga mayowe tangu asubuhi, na Aneth amejifungia naye ndani. Fabiano akauvunja mlango kwa teke. Akamkuta baba yake, mzee wa miaka themanini na moja, amelala ubavu, suruali imeshushwa, tumbo limevimba kama ngoma. Nyuma yake amepiga magoti Aneth, mjane wa marehemu kaka yake.

"Shemeji, nisikilize. Leo siku ya tisa hajapata choo. Nesi ndiye alinielekeza..."

Teke likamkata maneno. Mbavu zikalia.

"Mwache," mzee alinong'ona. "Mwache binti wa watu."

Fabiano hakusikia. Alimburuta Aneth kwa nywele hadi uani, akainua fimbo usawa wa kichwa. Hosea wa mashine ya kusaga ndiye aliyeruka ua na kumkaba kwa nyuma. Damu ilikuwa imeshalowesha khanga.

Majirani wakawapakia wote kwenye gari moja hadi hospitali, Kiomboi.

Daktari alihangaika na mzee saa nzima. Alipomaliza akawaita ndani.

"Kinyesi kilikuwa kigumu kama jiwe. Bila yale maji aliyowekewa nyumbani, pengine utumbo ungepasuka." Akafuta jasho. "Anatumia dawa gani?"

Fabiano akamnyooshea kidole Aneth, aliyekaa kwenye benchi, mkono umefungwa bendeji. "Muulize huyo. Ndiye anayemlisha."

Mzee ndiye aliyeingiza mkono kwenye koti lake na kutoa pakiti ya vidonge. Daktari akaisoma mara mbili.

"Hizi za maumivu ni kali, mzee wangu. Zinafunga choo. Hakuna aliyekuonya?"

"Aneth alinikataza. Alizitupa mara mbili, mara ya tatu nikazificha." Mzee alimtazama Fabiano, macho yamejaa machozi. "Ningeachaje kuzimeza? Ndicho kitu pekee mwanangu huyu anachonitumia."