Shekue Wawili

Enzi hizo milango ya mji mzima ilitii programu moja. Ikikujua, unaingia; nyumba moja ikikufuta, zote zinakusahau.

Mwanakheri alimpa mwanawe mchanga jina la baba yake mwenyewe, Shekue, kama desturi ilivyotaka. Alipomwandikisha tu kwenye programu, nyumba nzima ikazima na mlango ukagoma. Mzee akabaki nje, mikono imejaa nyama ya akika, karamu ya kumpa mjukuu jina.

"We binti! Inzi wameanza karamu bila sisi!"

"Subiri, baba, nimelikamata!"

Vidole vyake vikacheza juu ya kompyuta. Kosa lenyewe hilo hapo: majina mawili yanafanana, programu imeduwaa, haijui imfuate nani. Akafuta moja mbio mbio. Taa zikawaka, jiko likaanza kunguruma, naye akaruka kwa furaha.

"Nimeiweza! Bisha sasa, baba!"

Mzee akabisha kwa kiwiko huku akicheka. "Fungua, ni mimi Shekue."

"Samahani, mgeni," nyumba ikajibu kwa adabu. "Shekue yuko ndani, amelala."

Mzee akacheka tena, safari hii kidogo. "Mwanangu," akasema, "hebu iambie mimi ni nani."